Kupiga mfumo mpya kwenye laptopu ya zamani: kuanzia kukagua diski hadi Linux Mint inawaka

HP EliteBook 8460p, Dell Latitude E6420, Lenovo ThinkPad T420. Ukizunguka maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo au katikati ya Nairobi bado utazikuta, na majumbani ziko nyingi zaidi, zimepandishwa juu ya kabati kwa sababu "zimekuwa nzito". Zote tatu zilitoka mwaka 2011, zikatengenezwa kwa ajili ya maofisi, na mwili wake bado ni imara kuliko laptopu nyingi mpya za bei ya chini. Kinachozilemea ni diski ya kuzunguka iliyochakaa, pamoja na Windows iliyopigwa juu ya Windows, ikafunguliwa kwa kraki (programu ya kukwepa leseni) ambayo hakuna anayejua ilibeba nini ndani yake.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10. Windows 11 nayo rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za Core kuanzia kizazi cha 8. Hizi zetu ni za kizazi cha 2. Zipo njia za kuilazimisha iingie, lakini utabaki na mfumo ambao mwenyewe hajakuahidi kuuhudumia kwenye mashine yako. Kwa hiyo hapa nafuata njia ya Linux Mint, mfumo endeshi unaoshika nafasi ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Ni bure, haina habari za kraki, Mint 22 itapokea masasisho hadi 2029, na inakubali kuanzia RAM ya GB 2, ingawa ni GB 4 kwenda juu ndipo mashine inapopumua.

Kusakinisha kwenyewe ni kazi fupi. Kazi kubwa iko kabla ya kubonyeza kitufe cha kufuta, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kwanza, je, kazi yako inahamia?

Kama una steshenari na kila siku wateja wanakuletea mafaili ya Publisher, au hesabu zako ziko kwenye QuickBooks ya Windows, usifute leo. LibreOffice inafungua Word na Excel vizuri, lakini faili ya Publisher ikifunguka huwa imepangika ovyo, na hesabu za biashara si mahali pa kubahatisha. Printa pia: HP nyingi zinakubali bila shida, ila baadhi ya printa za zamani za Canon zinasumbua sana kwenye Linux. Usiamini maneno ya mtu kuhusu hili. Hatua ya 7 inakuruhusu kujaribu kila kitu kabla hujafuta chochote.

Kwa anayeandika barua na ripoti, anayesoma, anayetazama video, anayetumia barua pepe na mifumo ya serikali kupitia kivinjari, au mwanafunzi anayeanza kujifunza programu, hamia bila wasiwasi.

1. Ijue mashine yako

Ukiwa bado ndani ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Andika kwenye karatasi mambo matatu: jina la prosesa, kiasi cha RAM, na mstari wa "BIOS Mode" unasema Legacy au UEFI, yaani njia ya zamani au mpya ya kuwasha mashine. Kisha fungua Settings, System, About, usome "System type". Ikisema "32-bit operating system, x64-based processor", mashine ina uwezo wa biti 64 na ni Windows tu iliyopigwa ya biti 32. Hii hutokea mara nyingi, na watu hukata tamaa bure. Prosesa ambayo haina kabisa biti 64 haiwezi kubeba Mint 22. Kwa hizo Debian 12, Linux nyingine, bado ina toleo la biti 32, lakini kwa maoni yangu usitumie hela kuinunulia spea mashine ya namna hiyo.

2. Diski ikaguliwe kabla ya kitu kingine

Watu wengi wanapiga mfumo mpya juu ya diski inayokufa, wiki mbili baadaye mashine imegoma tena, lawama zinaenda kwa mfumo. Pakua CrystalDiskInfo, ni programu ndogo ya bure. Ifungue uangalie rangi iliyo juu kushoto. Bluu au kijani ni salama kwa sasa. Njano ni onyo, na hapo shuka chini kwenye orodha utazame mistari miwili: "Reallocated Sectors Count" na "Current Pending Sector Count". Wa kwanza unaonyesha sehemu za diski zilizoharibika ambazo diski imeshaziacha na kuzihamishia kwenye akiba yake. Wa pili ni sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma na bado haijaamua ifanye nini nazo. Huo wa pili ukiwa si sufuri, acha kila kitu, nakili mafaili yako sasa hivi, na diski hiyo usiipige mfumo tena.

Sikiliza pia kwa sikio. Diski inayogonga tik, tik, kisha inanyamaza na kuanza upya, haina muda mrefu.

3. Hifadhi vitu vyako, kisha hakikisha vimehifadhika

Nunua au azima diski ya nje. Folda ya kunakili ni C:\Users, ile yenye jina lako, yote kama ilivyo. Ukichagua chagua utaacha kitu. Vinavyosahaulika zaidi ni hivi: mafaili yaliyo juu ya Desktop, folda ya Downloads ambayo kwa wengi ndiyo imekuwa kabati la nyumba, nywila na alama za kurasa zilizo ndani ya kivinjari, na barua pepe za Outlook zilizo kwenye faili yenye mwisho wa .pst. Za kivinjari zitoe kwa kutumia sehemu yake ya "Export". Faili ya nywila itakayotoka inasomeka na yeyote, kwa hiyo usiiache ikizurura kwenye flashi ya ofisi. Kama kuna programu ya mahesabu, tumia "Backup" ya programu yenyewe badala ya kunakili folda.

Halafu ichomeke hiyo diski ya nje kwenye kompyuta nyingine. Fungua picha moja ya zamani, hati moja ndefu, video moja. Kuona majina ya mafaili yamejipanga hakutoshi, maana faili inaweza kuonekana jina na ndani isifunguke. Kama mashine ni ya familia, muulize kila anayeitumia. Mwalimu anaweza kuwa na mitihani ya mihula yote kwenye folda inayoitwa "New folder (3)", na hakuna mwingine nyumbani anayejua.

4. SSD, na RAM ikiwezekana

Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua SSD, yaani diski isiyozunguka, ya soketi ya SATA, ya inchi 2.5, ya GB 240 au 256. Hakuna marekebisho mengine kwenye laptopu hizi yatakayokupa tofauti ya namna hii. Diski ya kuzunguka inapoteza muda kwa kusogeza kichwa chake huku na huko kutafuta vipande vidogo vidogo, na mfumo unapowaka husoma vipande kama hivyo kwa maelfu. SSD haina kichwa cha kusogeza.

Hatua ya 5 na ya 6 zinahitaji Windows inayowaka, kwa hiyo zimalize kabla ya kutoa diski ya zamani, au zifanye kwenye kompyuta nyingine. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Kwenye EliteBook 8460p mfuniko wa chini unafunguka kwa kusukuma kitasa, na kila kitu kinaonekana. T420 ina mfuniko mdogo wa diski wenye skrubu moja pembeni. ThinkPad X220 inahitaji diski yenye unene wa milimita 7; nene zaidi ya hapo haiingii. Diski ya zamani inakaa ndani ya fremu ya chuma au raba, basi ihamishie fremu hiyo kwenye SSD, la sivyo itacheza ndani na kuachia soketi yake.

RAM ya mashine hizi ni DDR3 za laptopu. DDR4 haiingii kabisa, usisukume. Zile zilizoandikwa DDR3L, za volti 1.35, zinafanya kazi pia kwenye nafasi za volti 1.5 kama hizi. Kinyume chake, kupeleka DDR3 ya kawaida kwenye mashine inayotaka DDR3L tu, ndiko kunakoleta shida.

Ukiwa umefungua, piga brashi laini kwenye feni na matundu ya kutolea joto. Shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke wakati unapuliza. Na kama saa ya mashine inarudi nyuma miaka kila ikizimwa, betri ndogo ya BIOS (programu ya ndani inayowasha mashine) imekwisha. Kwa mashine nyingi ni CR2032; kwenye laptopu mara nyingi imefungwa kwenye plastiki yenye waya mbili. Ibadilishe, maana saa ikiwa ya uongo tovuti salama zitakataa kufunguka, na utadhani ni intaneti.

5. Pakua Mint na uihakiki

Nenda linuxmint.com, chagua Xfce. Faili ni karibu GB 3. Ikiwa unatumia bando, chukua njia ya torrent, kwa sababu mtandao ukikatika itaendelea ilipoishia badala ya kuanza upya.

Hatua ya kuhakiki inarukwa na wengi, na haipaswi kurukwa. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe na kwa muda wakawaelekeza watu kwenye faili ya Mint 17.3 Cinnamon iliyotiwa mlango wa nyuma. Waliolinganisha namba za uhakiki na zile za kweli waligundua faili haifanani. Ukiwa ndani ya Windows, fungua Command Prompt kwenye folda yenye faili, uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Itatoka mistari ya herufi na tarakimu. Ilinganishe na ile iliyo kwenye sha256sum.txt ya toleo lako. Hata tarakimu moja ikitofautiana, futa upakue tena. Mara nyingi sababu huwa ni mtandao uliokatika katikati, na ni heri kujua sasa kuliko usakinishaji ukwame nusu ya safari.

6. Tengeneza flashi ya kuwashia

Flashi ya GB 8 inatosha. Kila kilichomo kitafutika. Jihadhari na flashi feki zinazojiita GB 64 huku ndani zina GB 4: zinapokea faili bila kulalamika, kisha haisomeki. Programu ya H2testw itakuambia ukweli wake.

Fungua Rufus, programu ya kuandika mfumo kwenye flashi, chagua flashi, chagua faili ya Mint. Kwenye "Partition scheme" weka MBR kama msinfo32 ilisema Legacy, au GPT kama ilisema UEFI. Ikikuuliza aina ya uandishi, anza na "ISO Image mode". Flashi ikigoma kuwasha mashine, rudia kwa "DD Image mode". Ukiona Rufus ina mambo mengi, balenaEtcher ina vitufe vitatu tu na inafanya kazi hiyo hiyo.

7. Washa kwa flashi na ujaribu bila kufuta

Chomeka chaja. Usakinishaji ukikatizwa na umeme huku betri imekufa, utaanza upya, kwa hiyo chagua muda ambao umeme kwenu umetulia. Chomeka flashi kwenye tundu jeusi la USB kuliko la bluu, kwa kuwa BIOS nyingi za zamani hazioni flashi kwenye USB 3 wakati wa kuwaka.

Menyu ya kuchagua pa kuwashia hupatikana hivi: HP bonyeza Esc kisha F9, Dell F12, ThinkPad F12, Toshiba F12, Asus Esc. Bonyeza mfululizo tangu mashine inapoanza kuwaka. Kama flashi haionekani, ingia BIOS yenyewe: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Humo hakikisha kuwasha kwa USB kumeruhusiwa na hali ya SATA ni AHCI. Kusasisha BIOS yenyewe usijaribu kama betri ya laptopu haishiki chaji. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mashine inaweza isiwake tena.

Mint itawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Kioo kikibaki cheusi, washa tena uchague "compatibility mode". Ukishaingia, kaa nayo. Unganisha Wi-Fi. Cheza video, sikiliza sauti kwa spika na kwa vipokea sauti. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Funga kifuniko, subiri kidogo, fungua uone kama inaamka. Chomeka printa uchapishe ukurasa mmoja. Hapa utajua kama Mint na mashine yako zinaelewana, na kama haziwezani, zima tu, chomoa flashi, Windows yako iko palepale kwenye diski yake (kama uliweka SSD, rudisha diski ya zamani).

8. Futa na usakinishe

Bonyeza mara mbili "Install Linux Mint". Swali la kwanza linalowakosesha watu ni la kibodi. Laptopu nyingi za mtumba zilizoingia kwetu zilitoka Uingereza. Tazama kitufe cha namba 3: kama kina alama ya £ na kitufe cha Enter kimesimama wima kwa kimo cha safu mbili, chagua "English (UK)". Ukiacha ya Marekani, ukibonyeza @ utapata alama ya nukuu, na siku utakapoweka nenosiri lenye @ utajifungia nje ya kompyuta yako mwenyewe.

Weka tiki kwenye "Install multimedia codecs" kama una intaneti. Kwenye aina ya usakinishaji chagua "Erase disk and install Linux Mint". Najua wengi wanapenda kuacha Windows pembeni. Kwa diski ndogo na mashine ya zamani sishauri: mifumo miwili inagombania nafasi, na Windows ikijisasisha huweza kuvuruga mpangilio wa kuwasha. Kabla ya kuthibitisha, soma jina na ukubwa wa diski unayotaka kufuta. Kama diski ya nje yenye mafaili yako bado imechomekwa, ichomoe sasa.

Laptopu inayosafiri nawe kwenye daladala inafaa kufungwa kwa usimbaji, yaani mafaili yasisomeke bila nenosiri: bonyeza "Advanced features", chagua LVM, weka tiki kwenye usimbaji. Prosesa nyingi za Core i5 na i7 za kizazi cha 2 zina uwezo wa ndani wa kazi hiyo, hivyo hutaona uzito. I3 za kizazi hicho hazina, na zitachoka kidogo. Ukisahau nenosiri hilo, mafaili yamekwenda, hakuna fundi wa kuyarudisha.

Chagua saa za Afrika Mashariki kwenye ramani, andika jina lako na nenosiri, uiache ifanye kazi. Kwenye SSD haichukui muda mrefu. Ikimaliza itakuambia utoe flashi na ubonyeze Enter.

9. Saa ya kwanza ndani ya mfumo mpya

Kama Wi-Fi haionekani, usihangaike. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Mint itaipokea kama mtandao wa kawaida. Kisha fungua "Driver Manager", isakinishe kiendeshaji cha Wi-Fi inachopendekeza. Kadi za Broadcom ndizo zinazohitaji hivi mara nyingi.

Fungua "Update Manager", kubali masasisho yote. Mara ya kwanza huwa ni mengi, kwa hiyo yafanye kwenye bando la usiku au Wi-Fi ya ofisini. Halafu "Timeshift": iweke ipige picha ya mfumo mara moja kwa wiki. Siku kitu kikiharibika unairudisha kompyuta ilivyokuwa. Inalinda mfumo na mipangilio tu. Hati na picha zako endelea kuzinakili kwenye diski ya nje.

Kwa mwenye RAM ya GB 4 au pungufu, zram inasaidia sana. Inabana vilivyomo kwenye RAM ili vikae vingi zaidi kabla ya mashine kuanza kukimbilia diski. Fungua Terminal:

sudo apt install zram-tools

sudo nano /etc/default/zramswap

Tafuta mstari wa PERCENT, ondoa alama ya # mbele yake, uandike PERCENT=50. Hifadhi kwa Ctrl+O na Enter, toka kwa Ctrl+X, kisha:

sudo systemctl restart zramswap

Andika swapon --show uone kama zram0 imetokea. Hata hivyo kivinjari chenye kurasa thelathini zilizo wazi kitailemea GB 4 tu, zifunge usizozihitaji.

Rudisha mafaili yako kutoka diski ya nje, ingiza nywila kwenye kivinjari, kisha ifute ile faili ya nywila.

Kama uliweka SSD, ile diski ya zamani usiifute wala kuiuza bado. Windows yako na kila ulichokisahau vimo humo. Ikae mwezi mzima au zaidi. Ukikosa kitu, inunulie kasha la USB la SATA, uichomeke na usome folda zake moja kwa moja ukiwa ndani ya Mint. Muda huo ukipita bila kukosa kitu, na kama CrystalDiskInfo iliipa rangi salama, ifomati ndani ya programu ya "Disks" uifanye diski ya kunakilia mafaili. Kama iliipa njano, usiiamini kwa kazi hiyo: itoboe kwa drili kabla ya kuitupa, maana picha na nywila zako za miaka yote bado zimo.